Kingamwili Isiyokinga: Istilahi za Sayansi na Wajibu wa Wanakiswahili

Pana kauli iliyozoeleka kwamba Kiswahili ni lugha ya fasihi na siasa, na kwamba sayansi ina wenyewe. Wanaoishikilia kauli hiyo aghalabu hutaja istilahi ambazo, kwa maoni yao, haziafikiani na vitu zinavyoviita. Neno kingamwili ni mfano mwafaka wa kulipima dai hilo, hasa linapotumiwa kuhusu kingamwili za maabarani zinazotambua rodopsini, protini ya retina inayohisi mwanga.

Mwilini, kingamwili ni protini inayoundwa na mfumo wa kinga ili kupambana na viini vya maradhi. Kila kingamwili hunasa umbo mahususi. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, walibuni njia ya kuunganisha seli inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika. Kwa njia hiyo, kingamwili ya aina moja tu iliweza kuzalishwa kwa wingi. Ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1984, na ukaifanya kingamwili kuwa chombo cha utafiti.

Rodopsini nayo hupatikana katika seli za retina zenye umbo la fimbo, zinazomwezesha binadamu kuona penye mwanga hafifu. Mwaka 1876, Mjerumani Franz Boll aliona kwamba wekundu wa retina ya chura aliyekaa gizani hufifia mwanga unapoingia. Katika miaka ya 1980, maabara ya Robert Molday katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, ilizalisha kingamwili iitwayo 1D4. Rodopsini ya ng'ombe ina asidi amino 348. 1D4 hunasa 9 za mwisho. Mtafiti huitia kingamwili hii kwenye kipande chembamba cha retina, kisha huongeza kingamwili ya pili yenye rangi inayong'aa, ambayo huishika ile ya kwanza. Chini ya hadubini, mahali penye rodopsini hung'aa. Kazi hii si ya anasa. Tangu mwaka 1990 imejulikana kwamba kasoro katika jeni ya rodopsini zinaweza kusababisha maradhi ya kurithi yanayoanza kwa kumnyima mtu uwezo wa kuona usiku.

Hapa ndipo mkosoaji hupaza sauti: kingamwili hii haikingi chochote, wala haimo mwilini, basi jina lake ni potovu. Hoja hii haina mashiko. Neno la Kijerumani ambalo Kiingereza kilifuata katika kuiita kingamwili lina maana ya "mwili pinzani", ilhali kinachoitwa hivyo ni protini tu, na katika maabara hakipingani na yeyote. Jina rodopsini limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya waridi na kuona, ingawa hakuna waridi ndani ya jicho. Hakuna anayedai kwamba Kijerumani au Kigiriki kimeshindwa na sayansi. Asili ya istilahi ni dokezo tu. Maana yake hukamilishwa na fasili na matumizi.

Hata hivyo, wakosoaji wana haki katika jambo moja. Kiswahili kimeorodhesha zaidi kuliko kilivyoandika. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitolewa mwaka 1990, lakini makala za Kiswahili zinazoeleza jaribio la maabara toka mwanzo hadi mwisho bado ni adimu. Istilahi iliyomo kamusini pekee ni mfano wa mbegu iliyo ghalani: haijulikani kama itaota.

Wanasayansi wenyewe wana funzo la kutoa. Kingamwili mpya haiaminiwi kwa sababu ya jina lake. Hujaribiwa pia kwenye retina ya panya aliyeondolewa jeni ya rodopsini; iking'aa hata hapo, inanasa kisicho chake. Istilahi nazo zahitaji jaribio la aina hiyo, na maabara yake ni aya. Mwandishi anayetumia neno kinga kwa maana ya protini katika sentensi moja, na kwa maana ya uwezo wa mwili kustahimili maradhi katika sentensi inayofuata, humpoteza msomaji. Kasoro kama hiyo haionekani katika orodha. Huonekana katika maelezo marefu.

Kwa hivyo, idara za Kiswahili zingefanya vyema kuruhusu tasnifu ambamo mwanafunzi wa isimu anashirikiana na mwenzake wa biolojia kueleza jaribio moja kikamilifu, kisha maelezo hayo yasomwe na wasio wataalamu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo utabaki kuwa wa karatasini iwapo mgonjwa anayepoteza uwezo wa kuona usiku hawezi kuelezwa, kwa Kiswahili sanifu na kinachoeleweka, ni kitu gani kinachoharibika machoni mwake. Maneno ya kumweleza yapo. Kinachokosekana ni waandishi wa kuyatumia, na jukumu hilo haliwezi kuachiwa wanasayansi peke yao.