Mafunzo ya Safari: Mkono Ushikao Silaha

Siku tuliyoagana na watu wetu Mombasa, mwezi wa Julai wa mwaka 2023, mama mzazi wa mmoja wetu alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu. Alikuwa amekwisha kutuombea dua na kututilia kashata na mikate ya mofa katika kikapu. Kisha akatutazama sote wanne, watu wazima wenye wake na watoto, akasema: "Wanangu, mwasafiri mwendo wote huo mpaka Afrika Kusini kwenda kutoboa karatasi? Kwani hapa karatasi hakuna?" Tulicheka, tukambusu mkono, tukaondoka. Lakini swali lake lilisafiri pamoja nasi, na kwa kuwa ukurasa huu ni wa watu wa nyumbani, twaona yatupasa kulijibu leo mbele ya wasomaji wetu wote.

Kwanza tueleze ni mchezo gani. Huu ni mchezo wa kulenga shabaha kwa vitendo. Mwenye kushindana hasimami mahali pamoja akalenga duara moja kwa utulivu, bali huingizwa katika kituo chenye kuta za mbao, milango na madirisha, na humo zimepangwa shabaha za karatasi ngumu na za chuma, nyingine karibu, nyingine mbali, nyingine zenye kwenda na kurudi. Huenda mbio toka pembe hii mpaka ile na bastola mkononi, naye msimamizi yu nyuma yake na saa. Risasi iliyopiga katikati ya karatasi hupata alama 5, na iliyopiga pembeni hupata chache. Iliyokosa kabisa humpunguzia mpigaji alama 10, na vilevile iliyogusa shabaha iliyokatazwa. Kisha jumla ya alama hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Mtu aliyepata alama 100 kwa sekunde 20 hisabu yake ni 5. Aliyepata 90 kwa sekunde 15 hisabu yake ni 6, naye amemshinda mwenziwe. Lakini aliyekimbia akamaliza kwa sekunde 12 na alama 48 tu, hisabu yake ni 4, na mbio zake hazikumfaa kitu.

Mchezo huu ulianzia California, Marekani, katika miaka ya 1950. Mwezi wa Mei mwaka 1976 watu wa nchi mbalimbali walikutana katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, wakaunda shirikisho lake la kimataifa, na rais wake wa kwanza akawa Jeff Cooper. Walichagua maneno matatu ya Kilatini yawe mwito wao: Diligentia, Vis, Celeritas, yaani usahihi, nguvu na kasi. Zingatia, ewe msomaji, kwamba usahihi umetangulizwa na kasi imewekwa mwisho. Jambo hilo tulilisoma nyumbani tukalipita. Maana yake tulikuja kuijua ugenini.

Wala mtu asidhani kwamba kushindana kwa shabaha ni jambo geni kwetu Waislamu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale, akawahimiza wapige, akiwakumbusha kuwa baba yao Ismail (a.s.) alikuwa mpiga mishale. Akasema yeye yu pamoja na kundi moja. Wale wa kundi la pili wakazuia mikono yao, kwani watashindanaje na kundi aliloliunga mkono Mtume? Ndipo akawaambia wapige, naye yu pamoja nao wote. Khabari hii tuliikumbuka mara nyingi njiani, kwani na sisi tulikuwa marafiki wanne wenye kushindana, na kila mmoja alitaka kumshinda mwenziwe bila ya kumpoteza.

Safari yenyewe ilianza miezi mingi kabla ya ndege. Anayemiliki bastola nchini Kenya sharti awe na cheti, na anayetaka kutoka nayo nje sharti apate kibali. Afrika Kusini nako polisi hutaka ombi la kuiingiza silaha kwa muda, na kila karatasi sharti nambari yake ilingane na nambari iliyochongwa katika chuma. Bastola husafiri haina risasi, katika sanduku gumu lenye kufuli, chini katika shehena ya ndege. Na risasi hufungwa mbali, wala uzito wake hauruhusiwi kupita kilo 5 kwa abiria mmoja. Risasi moja ya milimita tisa ina uzito wa gramu kama 12. Basi mwenye kupiga hisabu ataona kwamba hata 400 zikifungwa katika maboksi yake zamfikisha mtu ukingoni. Hatukuwa na risasi za kuchezea.

Kwa kuwa ni sunna wasafiri wakifika watatu wamweke mmoja wao kuwa kiongozi, tulimchagua aliye mkubwa wetu, mtu aliyekwisha kupita miaka hamsini, na ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko sote. Tukamkabidhi karatasi, funguo na fedha za chakula, na tokea hapo tukamwita Amiri. Yeye ndiye aliyetufunza mchezo huu. Hatukuwa na shaka kwamba kama yuko miongoni mwetu atakayerudi na jina, ni yeye.

Toka Nairobi mpaka Johannesburg ndege yapata saa nne hivi. Polisi wa kiwanja walifungua masanduku yetu moja moja, wakasoma nambari, wakatia mihuri. Tulipotoka nje tulikutana na jambo ambalo hakuna aliyetutayarishia: baridi. Nyanda zile ziko juu sana kuliko bahari, Johannesburg wenyewe wapita meta 1,700, na Julai ni katikati ya kipusa chao. Majani yalikuwa makavu yamegeuka rangi ya manjano, na alfajiri yalikuwa meupe kwa umande ulioganda. Sisi watu wa pwani tulivaa kila tulichokuwa nacho. Chakula cha halali hakikutusumbua, kwani katika mtaa wa Fordsburg wako Waislamu wengi na mikahawa yao. Kibla nacho, ambacho kwetu Mombasa ni kaskazini, kule huelekea kaskazini na kupinda kidogo mashariki. Tulisali kwa kupunguza, kama ilivyoruhusiwa msafiri, tukafunga mizigo, tukaenda uwanjani nje ya Pretoria.

Uwanja ule una sheria ambayo yazishinda zote. Hakuna anayebeba bastola yenye risasi, ila yule aliyeitwa kituoni na msimamizi akamwamrisha atie. Ziko meza maalumu za kusafishia na kukagulia silaha, na hapo mtu haruhusiwi kushika risasi hata moja. Katika mbio mdomo wa bastola usigeuke nyuma, na mtu anapokwenda au anapobadilisha kasha la risasi, kidole chake kisiwe ndani ya kitanzi cha mtambo. Anayevunja mojawapo hutolewa katika mashindano yote, si katika kituo kile peke yake. Haitazamwi ametoka nchi gani, wala ametumia fedha kiasi gani.

Siku ya kwanza Amiri alipiga vizuri mno. Jioni tulipotazama hisabu tulimwona yu mbele ya watu wengi wenye majina, na mdogo wetu akaanza kusema habari za kikombe. Siku ya pili tuliitwa mapema, jua halijapata nguvu. Amiri alikuwa wa pili kuingia. Tulimwona akifikicha mikono na kuitia kwapani, naye alipotuona twamtazama akaitoa, kana kwamba hasikii baridi. Saa ikalia. Alipiga shabaha tatu za kwanza kwa uzuri, akageuka kukimbilia dirishani, na huku akikimbia alitoa kasha tupu atie jingine. Hapo msimamizi akapaza sauti: "Simama!"

Hakuna risasi iliyotoka. Hakuna aliyeumia. Msimamizi alimwamrisha atoe risasi na kuonyesha kwamba bastola ni tupu, akamwambia kwa adabu kwamba kidole chake kilikuwa ndani ya kitanzi. Kisha akamwita mkubwa wake, naye mkubwa akathibitisha. Ilikuwa haijatimia saa tatu ya asubuhi, na mtu wetu amemaliza mashindano.

Tukiwa kando ya uwanja, mdogo wetu alikuwa na machozi ya hasira. Akasema: "Ami, tukate rufani. Iko kamati, na ada tutaichanga sote."

Amiri akamjibu: "Mwanangu, sheria umeisoma. Alichokiona msimamizi hakikatiwi rufani. Huangaliwa tu kama palikuwa na sababu isiyo ya kawaida."

"Baridi je? Vidole vyako vilikuwa vimekufa ganzi."

"Baridi iliwapiga watu wote. Wewe ulikuwa nyuma yangu. Kidole changu kilikuwa wapi?"

Kijana akanyamaza.

"Mimi nakijua kilikuwa wapi," akasema Amiri, "kwa sababu ni changu. Niliona haya kusema kwamba mikono yangu haisikii. Lau ningalisema, ningaliomba dakika chache za kuipasha moto, au ningalikwenda polepole. Sikusema, kwa kuwa mlikuwa mwanitazama."

Twakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba saa ile sisi tulitaka aseme jingine. Tulitaka alaumu macho ya msimamizi, au sheria za watu wa mbali, ili sote tupate kurudi nyumbani na kisa cha kudhulumiwa. Kudhulumiwa ni kuzuri kusimulia barazani kuliko kukosea.

Kisha akafanya jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike makala hii. Alikuwa na haki ya kurudi hotelini akalala. Hakurudi. Alikwenda kuifunga bastola yake sandukuni, akatutolea funguo za masanduku akampa mwenziwe azishike, akarejea katika kundi letu, akachukua bunda la vibandiko. Katika mchezo huu, kila mtu amalizapo zamu yake, wenziwe huingia kuziba matundu katika karatasi na kusimamisha vyuma vilivyoanguka, ili anayefuata azikute shabaha ni mpya. Siku mbili zilizobakia, mtu huyu aliyetazamiwa kuchukua kikombe aliziba matundu ya watu wengine: yetu sisi, ya Waafrika Kusini, na ya wageni tusiojua hata lugha zao. Siku ya mwisho watu wa kundi letu walikuwa wamemzoea, wakimwita "Amiri" kama tulivyomwita sisi, bila ya kujua maana yake. Ama hisabu zetu sisi watatu, zilikuwa za katikati, na nyingine chini ya katikati. Hazikustahili kuandikwa.

Tuliporudi, tulikwenda kwanza nyumbani kwake. Watoto wake walimkimbilia wakimuuliza amekuwa wa ngapi. Akawaketisha, akawaambia mbele yetu: "Baba yenu alitolewa uwanjani kwa sababu alitia kidole mahali pasipostahiki." Akawaonyesha kwa kidole chake mwenyewe, bila ya bastola. Mkubwa wa watoto, wa miaka kumi na miwili, aliinama. Lakini twaamini somo lile hatalisahau.

Yule mama aliyetuuliza swali alikuwapo. Alikisikiliza kisa chote, kisha akasema: "Kumbe karatasi ndizo zilizowatoboa nyinyi." Nasi hatukuwa na la kuongeza.

Basi jibu letu ni hili. Kutoboa karatasi kwaweza kufanywa popote, lakini mtu hapimwi mpaka awe mbali na kwake, amechoka, anatazamwa, na ana mengi ya kupoteza. Hapo ndipo hujulikana kama adabu aliyokuwa nayo ni yake au ni ya watu waliomzunguka. Mtume wetu (s.a.w.) alimwamrisha apitaye msikitini au sokoni na mishale ashike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu, na alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwani hajui huenda shetani akauponyoa mkono wake. Hakuna aliyetaja nia njema ya mwenye mishale. Mwenye nia njema naye ataambiwa ashike ncha.

Nasi twawausia wenye nyumba. Ikiwa katika nyumba yako imo silaha iliyoruhusiwa na sheria, basi na ikae chini ya kufuli, haina risasi, na risasi zikae mbali nayo. Usiichezee mbele ya wageni, wala usiitoe ili uonekane mume. Kila uishikapo idhani kuwa ina risasi, hata kama umeitoa wewe mwenyewe. Na siku utakapokosea, maana kukosea ni kwa kila mwanadamu, waambie watoto wako kidole chako kilikuwa wapi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe mikono yenye amana na ndimi zenye kusema kweli, nyumbani na safarini. Amin.