Dawa za sonona kwa maumivu sugu: Ushahidi uko wapi?

MGONJWA anayekwenda hospitali akilalamikia miguu inayowaka moto au mgongo usiopoa kwa miezi mingi, kisha akarudi nyumbani na vidonge vya amitriptilini, hushtuka pindi anapoambiwa kuwa dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya sonona.

Wapo wanaoviweka kando, wakidhani kuwa daktari hakuyaamini maumivu yao.

Dhana hiyo si sahihi. Dawa za kundi hili huongeza nguvu ya serotonini na noradrenalini, kemikali ambazo ubongo huzitumia pia kupunguza taarifa za maumivu zinazopanda kupitia uti wa mgongo. Ndiyo maana amitriptilini, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1961, hutolewa kwa wenye maumivu kwa dozi ndogo kuliko ile ya sonona.

Swali gumu ni kama kweli zinasaidia.

Aprili 2021, NICE, taasisi inayoandaa miongozo ya tiba nchini Uingereza, iliwataka madaktari wasianze kuwapa parasetamoli, ibuprofeni wala dawa za jamii ya afyuni wagonjwa wenye maumivu sugu ambayo chanzo chake hakielezeki kwa ugonjwa mwingine. Badala yake iliruhusu dawa kadhaa za sonona, zikiwamo amitriptilini, duloksetini, fluoksetini na sertralini.

Miaka miwili baadaye, Mei 2023, watafiti wa mtandao wa Cochrane walichapisha mapitio ya majaribio 176 yaliyohusisha watu zaidi ya 28,000.

Matokeo yake yaliutikisa mwongozo ule. Ni duloksetini pekee iliyoonekana kuwa na ushahidi wa kuaminika wa kupunguza maumivu, tena kwa kiasi cha wastani, na kuongeza dozi kupita ile ya kawaida hakukuleta nafuu zaidi. Kwa amitriptilini, ambayo ndiyo huandikwa mara nyingi zaidi, majaribio mengi yalikuwa madogo na dhaifu.

Hapa msomaji awe mwangalifu. Kukosekana kwa ushahidi mzuri si sawa na kuthibitika kwamba dawa haifanyi kazi.

Jaribio la OPTION-DM, lililochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet, liliwafuatilia wagonjwa 130 wa kisukari nchini Uingereza wenye maumivu ya mishipa ya fahamu. Amitriptilini, duloksetini na pregabalini zilikaribiana katika kupunguza maumivu, na waliobaki na maumivu walipata nafuu zaidi kidogo walipoongezewa dawa ya pili.

Yaani dawa moja inaweza kumfaa mwenye kisukari na isimfae mwenye mgongo. Kuyaweka maumivu yote katika kapu moja, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndiko kulikozaa sehemu kubwa ya mkanganyiko huu.

Pregabalini nayo ina mzigo wake. Tangu Aprili 2019 Uingereza imeiweka katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kisheria, kutokana na hatari ya uraibu.

Kwa nchi zetu suala hili lina uzito wake. Amitriptilini ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mgonjwa wa kipato cha chini, kuambiwa kuwa dawa yenye ushahidi bora ni nyingine kunaweza kuwa sawa na kuambiwa kuwa hakuna dawa.

Aidha, anayeitumia asiiache ghafla kwa kusoma habari kama hii. Kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi vinaweza kumpata. Daktari ndiye wa kumpunguzia dozi kidogo kidogo.

Majaribio yaliyopitiwa na Cochrane yalidumu kwa wastani wa wiki 10 tu, ilhali wagonjwa wengi humeza vidonge hivyo kwa miaka. Hata kwa duloksetini, ushahidi wa usalama na manufaa ya muda mrefu haukupatikana.