Nyumba za chai Kericho: Tuhifadhi ya meneja pekee?

Mgeni wa Kericho hakosi kuonyeshwa Tea Hotel. Kampuni ya Brooke Bond iliijenga miaka ya 1950, na mtu akisema majengo ya kale ya huku yalindwe, hiyo ndiyo hutajwa kwanza. Sina ubaya nayo. Lakini hebu ingia kwenye mashamba yenyewe, Kericho hadi Bomet.

Utaona nyumba za aina mbili. Huku bangalo la meneja: veranda pana, bomba la moshi kwa sababu ya baridi, nyasi zimekatwa vizuri. Kule laini za wachumaji: vyumba vimepangwa safu, mlango kwa mlango, familia inapika, inalala na kulea watoto humo humo. Aliyepanga hivyo alijua anachofanya.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa turathi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Likishatangazwa, huwezi kulibomoa hivi hivi. Shida ni nani anahesabiwa kuwa na historia. Nyumba ya Karen Blixen, Nairobi, ilifunguliwa kama makavazi 1986, mwaka mmoja tu baada ya filamu ya Out of Africa. Wachumaji chai bado wanangoja Hollywood yao.

Na muda unayoyoma. James Finlay ilikubali kuuza mashamba yake 2023, Lipton ikafuata 2024. Mnunuzi ni mmoja, Browns ya Sri Lanka. Mashine za kuchuma nazo zinapunguza watu, na laini isiyo na watu ni rahisi sana kuivunja.

Halafu kuna jambo zito zaidi. Kabla ya bangalo, hapo palikuwa na maboma ya Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha Watalai kwa nguvu, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mzee ambaye familia yake ilifukuzwa akiona bangalo limewekewa kibao cha turathi, ana haki ya kuuliza: turathi ya nani?

Ndiyo maana naona bangalo lisitangazwe peke yake. Litangazwe pamoja na laini yake, na kibao kiwataje waliotolewa hapo. Kaunti hizi mbili zianze kuziorodhesha sasa, wakati waliozaliwa kwenye laini bado wapo kutuonyesha chumba ni kipi.