UJUZI WA WIKI: Nakala za Barua Pepe Zisilale Chumba Kimoja na Seva

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 moto ulizuka katika majengo ya kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, yanamotunzwa maelfu ya seva. Jengo moja, lililoitwa SBG2, liliteketea. Hakuna mtu aliyejeruhiwa. Lakini miongoni mwa wateja walikuwamo waliokwisha kulipia utunzaji wa nakala za akiba, kumbe nakala zenyewe zilikuwa pale pale penye moto.

Habari hiyo ya mbali inazihusu pia nyumba za askari. Siku hizi hati ya uhamisho, majibu ya chama cha akiba na mikopo, na madai ya pensheni ya mjane aghalabu hupitia barua pepe. Ghala lake likipotea, hapana karani awezaye kumthibitishia mjane huyo kwamba maombi yake yalifika.

Idara kubwa huwa na majina ya mtandao kadhaa, ambayo mafundi huyaita vikoa: makao makuu yana lake, hospitali ina lake, chuo kina lake. Kila kikoa hutangaza seva zake za kupokea barua, na kila seva hupewa namba. Yenye namba ndogo, tuseme 10, hujaribiwa kwanza. Isipoitika, barua hupelekwa kwa ile ya 20. Hapo ndipo wengi hudanganyika, wakadhani wamekwisha kuweka akiba. La hasha. Seva ya pili ni mpokezi wa zamu tu: huzishika barua mpya mpaka mwenzake arudi, wala haina hata moja kati ya zile za mwaka jana.

Tena mpokezi huyo hana budi kupewa orodha ya vikoa vyote na ya watumiaji wote. Kikoa kilichosahauliwa, barua zake zitakataliwa mlangoni. Asipowajua watumiaji, atapokea takataka za matapeli, kisha azirudishe kwa watu wasiohusika. Kwa kituo kidogo chenye fundi mmoja, heri kutokuwa naye kabisa, maana kanuni za uchukuzi wa barua pepe za mwaka 2008 humtaka mpelekaji aendelee kujaribu kwa muda usiopungua siku 4 au 5.

Hata kuwa na nakala katika seva nyingi hakutoshi. Mwezi Februari 2011 kasoro ya programu iliondoa barua katika masanduku ya baadhi ya watumiaji wa Gmail, yapata asilimia 0.02 ya wote. Kampuni ya Google ilikuwa na nakala katika vituo mbalimbali, na kasoro ile ile ikazigusa nakala kadhaa. Kilichookoa ni kanda za sumaku, zilizowekwa kando bila kuunganishwa na mtandao.

Basi nakala za makao makuu zilale katika mtandao wa hospitali au wa chuo, katika jengo jingine, na nywila ya msimamizi iwe tofauti kila mahali. Lililo kubwa zaidi, mashine ya ghala ndiyo iende kuchukua nakala; seva ya barua isipewe ufunguo wa ghala. Mwizi akiishaiteka seva, atafuta kila kitu anachoweza kukifikia kutoka hapo. Kati ya mitandao hiyo ufunguliwe mlango mmoja tu. Nakala zifungwe kwa maandishi ya siri, na ufunguo wake uwekwe kwenye kasha la ofisini, si ndani ya seva ile ile. Pamoja na barua, zichukuliwe pia orodha ya watumiaji na mipangilio ya kila kikoa, vitu ambavyo mafundi wengi huviacha kwa kudhani watavikumbuka. Na kila juma diski moja ichomolewe, ifungiwe kabatini.

Mwisho lipo jaribio, ambalo halipendwi kwa kuwa huchukua siku nzima. Fundi hutafuta mashine tupu, hurudisha humo kikoa kimoja kutoka katika nakala, kisha humwita karani aitafute barua anayoijua ya miezi 6 iliyopita. Saa zilizotumika huandikwa daftarini. Zikifika siku 3, ofisi ya pensheni iarifiwe mapema, ili ipange jinsi ya kupokea madai kwa karatasi siku hizo.