Reli ya Mauti na Tembo Walioachishwa Kazi



Jumapili ni siku ya kupumzika, na mapumziko hupendeza yakiwa na safari. Leo nakualika tufunge safari ya mbali, ambayo nauli yake ni kule kusoma tu. Twende Thailand, katika mji wa Kanchanaburi, kiasi cha kilomita 130 magharibi ya Bangkok. Kila asubuhi mabasi madogo yaliyojaa wageni huondoka Bangkok mapema kuelekea huko. Kiongozi wa msafara huwaahidi mambo mawili kwa siku moja: kwanza wataona reli ya vita, kisha watawalisha tembo. Ukisikia hivyo utadhani mambo hayo hayahusiani. Yanahusiana sana, na ndiyo sababu nimekuita.

Kituo cha kwanza ni makaburi. Katikati ya mji zimepangwa safu za mawe ya mateka wa vita karibu 7,000, wengi wao Waingereza, Waaustralia na Waholanzi. Nyasi zimekatwa vizuri na maua yamepandwa. Ukiinama kusoma utaona kwamba aghalabu waliozikwa hapo walikuwa vijana.

Walifikaje huko? Mwaka 1942 jeshi la Japani lilikuwa limekwisha kuteka Malaya, Singapore na Burma. Meli zilizopeleka askari na vyakula Burma ziliwindwa baharini na nyambizi za adui. Ikaamuliwa basi ijengwe reli ya kilomita 415, kupita misitu na milima, kutoka Ban Pong nchini Thailand hadi Thanbyuzayat nchini Burma. Kazi ilianza mwaka huo huo, na tarehe 17 Oktoba, 1943, vipande viwili vya reli vikakutana. Mateka zaidi ya 60,000 walitumikishwa. Zaidi ya 12,000 kati yao walikufa kwa njaa, malaria, kipindupindu, kuhara damu, donda ndugu na vipigo.

Lakini hao ndio waliohesabiwa. Pamoja nao walikuwapo vibarua wa Kiasia: Watamil kutoka mashamba ya mpira ya Malaya, Waburma, Wajava na wengineo. Baadhi walidanganywa kwa ahadi ya mshahara mzuri na mkataba mfupi. Wengine walikamatwa tu. Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge wangewaita manamba. Inakadiriwa kuwa walikufa kiasi cha 90,000. Mateka walikuwa na maofisa na madaktari wao, walioandika kwa siri nani amekufa na wapi amezikwa. Vibarua hawakuwa na mtu wa kuwaandikia. Kwa hiyo mjini Kanchanaburi utasoma maelfu ya majina ya askari, lakini kibarua hutamwona ila kwa nadra.

Jambo hili si geni kwetu. Wewe unayeshuka kwenye basi Kariakoo kila siku, kumbuka kwamba jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawakumbuka wao pia, lakini inawakumbuka kwa jumla, bila majina.

Kiungo kingine ni hiki. Reli hiyo ilijengwa kulilisha jeshi la Japani la Burma, na mwaka 1944 vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walipambana na jeshi hilo. Walikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiteremka bonde la Kabaw katika matope na mvua kubwa hadi kuufikia mto Chindwin. Huenda babu yako alikuwa mmoja wao.

Sasa tuendelee na safari. Daraja mashuhuri la chuma lingali linatumika. Ndege za Uingereza na Marekani na washirika wao zililipiga mabomu, na baada ya vita vipande vilivyovunjika vikabadilishwa. Vya zamani vina matao ya mviringo, vipya vimenyooka. Lilipata sifa duniani kwa sababu ya filamu ya mwaka 1957, ambayo hata haikupigwa hapo bali Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo.

Mbele zaidi ni mwanya uliochongwa katika mwamba, ambao mateka waliuita Mwanya wa Moto wa Jahanamu. Waliutoboa kwa nyundo, tindo na baruti, wengine miguu mitupu, hadi saa 18 kwa siku. Usiku waliangaziwa na mioto ya mianzi, na ndipo jina lilipotoka. Hapo wageni huacha kupiga makelele bila kuambiwa na mtu.

Alasiri basi huelekea kwa tembo. Ukumbuke kwamba tembo nao walikuwa vibarua wa reli ile. Waliburura magogo ya kujengea madaraja. Vita vilipokwisha waliendelea kuburura mitiki msituni miaka mingi. Mwaka 1989, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka uliotangulia, serikali ya Thailand ilipiga marufuku ukataji wa magogo katika misitu ya asili. Tembo na watunzaji wao wakakosa kazi kwa pamoja. Mfanyakazi mwenzangu, wewe unajua maana ya kupunguzwa kazini. Hebu fikiri basi hali ya mtu aliyepunguzwa huku ana mnyama anayekula kiasi cha kilo 150 kwa siku! Ndipo tembo wakapelekwa kwa watalii.

Makambi si ya namna moja. Katika mengine tembo hufungwa kiti mgongoni na kubeba watu kutwa, naye mtunzaji huwa na fimbo yenye ndoano ya chuma. Katika mengine mgeni ndiye anayemtumikia tembo. Tembo hupata magego seti sita maishani. Seti ya mwisho ikiisha hawezi tena kutafuna. Kwa hiyo wageni hupika mchele na maboga, wakafinyanga matonge laini na kumpa bibi kizee huyo wa msituni mkongani. Kazi hiyo watoto huipenda kuliko kupanda.

Usidanganyike na kila tabasamu la picha. Mwaka 2016, katika mkoa huo huo, maofisa waliondoa chui milia 137 katika hekalu moja ambalo watalii walilipa kupiga nao picha. Ndani ya jokofu wakakuta maiti za watoto wa chui 40. Waliolipa walidhani wanasaidia wanyama.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Katika reli ile tembo wenyewe walikuwa miongoni mwa nyasi. Kabla ya kulipia starehe yoyote, iwe Thailand au hapa nyumbani, tuwazoeze watoto wetu kuuliza: ni jasho la nani hili, naye amepata nini?

Nina ombi moja. Jumapili ijayo wapeleke watoto kwenye Sanamu ya Askari. Kisha mtembelee mzee wa ukoo, mumwulize kama yupo aliyekwenda upagazini au Burma asirudi. Akitaja jina, mtoto aliandike katika daftari. Manamba wa reli ile hawakupata wa kuwaandikia. Wa kwetu wanaye.