Vijana wa Kihadzabe wasiishie kuwa wakalimani



Mwaka 2014 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti uliolinganisha vijidudu vya matumboni mwa Wahadzabe 27 na vya Waitalia 16 wa Bologna. Jamii hiyo ya watu wanaozidi elfu moja kidogo tu, kandokando ya Ziwa Eyasi, imepimwa pia usingizi, mwendo, hata nguvu ambayo mwili unatumia kwa siku. Imewapa wageni shahada za uzamivu, ilhali vijana wake wengi wanaoshiriki tafiti hizo huishia kuwa wakalimani na waonyesha njia. Wapo wachache waliofika chuo kikuu. Nao wakifika, tatizo jingine linaanza.

Chukua epeme, mila ya siri ya Wahadzabe. Ngoma yake huchezwa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, na nyama yake ni ya wanaume waliokwisha kuingizwa kwenye siri hiyo. Kijana akiandika tasnifu kuhusu mila za kwao, msimamizi asiyejua miiko atamwambia sura hii ni nyepesi, aongeze maelezo. Akiongeza, atarudi kambini kwa uso gani? Akikataa, ataambiwa hana data. Ufadhili wa ada hauondoi mzigo huo. Anayeweza kuuondoa ni mlezi wa pili, mzee wa jamii anayetambuliwa na chuo na kulipwa, mwenye kauli juu ya kipi kiandikwe na kipi kibaki.

Wapo watakaosema mzee asiyesoma atashusha viwango. Wasan wa Afrika Kusini walitoa mwongozo wao wa maadili ya utafiti mwaka 2017, wakidai heshima, ukweli, haki, kujali na kufuata utaratibu. Sioni kati ya hayo lipi linaharibu takwimu. Hoja nzito zaidi, hasa hapa kwetu, ni kwamba Watanzania hatubaguani kwa kabila. Sawa kabisa, lakini mwanafunzi wa kabila kubwa hakosi mhadhiri anayeijua miiko ya kwao bila kuelezwa. Mhadzabe atampata wapi? Tena nchi yetu ililipigia kura ya ndiyo Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili mwaka 2007.

Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) humtaka mtafiti mgeni awe na mshirika wa ndani. Basi anayekwenda Eyasi atakiwe pia kumlea kijana wa huko mwenye swali lake mwenyewe la utafiti, na jina la kijana huyo liandikwe juu ya makala, pamoja na waandishi, si chini kwenye shukrani.

Msomaji,
Arusha