Mwalimu wa timu naye apewe muhula

Sanje ni kijiji kilichotulia chini ya milima ya Udzungwa, kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, baada ya Kidatu na kabla ya Mang'ula. Wageni hukijua kwa maporomoko yake ya maji, na wataalamu wa wanyama hukijua kwa kima aliyetambuliwa huko mwaka 1979 akapewa jina la kijiji. Wenyeji wanayo sifa nyingine isiyoandikwa katika vitabu vya watalii: jioni haiishi bila ubishi wa Simba na Yanga. Mkata miwa, mwalimu wa shule ya msingi, karani wa chama cha wakulima na dereva wa trekta hukaa benchi moja, na saa hiyo cheo cha mtu hakimsaidii kitu. Anayesikilizwa ni mwenye hoja au, kusema kweli, mwenye sauti.

Mwishoni mwa mwaka 2025 benchi hilo, kama mabenchi mengine yote ya nchi hii, lilikuwa na shauri moja zito. Simba walikuwa wameleta mtu mpya. Dimitar Pantev, raia wa Bulgaria aliyetokea Gaborone United ya Botswana, alitambulishwa mwanzoni mwa Oktoba, naye hakuitwa kocha mkuu bali meneja mkuu, cheo ambacho masikio ya mashabiki hayakuwa yamekizoea. Kabla hajaongoza mchezo hata mmoja, cheo chenyewe kikawa mjadala. Wa Simba wakasema huo ndio utaratibu wa Ulaya. Wa Yanga wakauliza, kwa kicheko ambacho watani wa jadi hawakikosi, kama huyo ni meneja wa timu au meneja wa ghala.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 19 Oktoba Simba walishinda 3-0 ugenini dhidi ya Nsingizini Hotspurs ya Eswatini, na sifa zikamiminika kama maji ya Sanje wakati wa masika. Wiki moja baadaye timu hizo zikatoka sare bila bao jijini Dar es Salaam, na manung'uniko yakaanza. Tarehe 23 Novemba, katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba walifungwa 1-0 nyumbani na Petro de Luanda ya Angola. Tarehe 30 Novemba wakafungwa 2-1 na Stade Malien kule Bamako. Ilipofika tarehe 2 Desemba, meneja mkuu hakuwapo tena kazini. Miezi miwili ilitosha kumfanya mtu mmoja awe mkombozi, awe mtuhumiwa, kisha awe abiria wa ndege.

Lugha ya Kiswahili ina hekima yake katika jambo hili. Kabla neno kocha halijaenea, wapenzi wa kandanda walimwita mtu wa namna hiyo mwalimu wa timu, na wazee wengi wangali wakimwita hivyo. Walimu wasomao ukurasa huu hawahitaji kuelezwa uzito wa jina hilo. Anayepokea darasa asilolijua hatazamiwi kutoa matokeo ya mtihani wa taifa kabla muhula haujafungwa. Hupewa nafasi ya kuyajua majina, ya kumtambua mtoto anayejificha nyuma ya wengine na yule anayejibu haraka kwa sababu hajafikiri. Wa mpira wa miguu haki hiyo ameondolewa, ijapokuwa jina amepewa lile lile.

Tena darasa lenyewe halikai. Katika miezi hiyo miwili kalenda ya FIFA ilisimamisha shughuli za klabu mara mbili, katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, ili wachezaji wakazitumikie timu za taifa. Klabu kubwa yenye wachezaji wa mataifa mbalimbali, ikipita vipindi kama hivyo, hubaki na watu wachache mazoezini. Ukitoa siku hizo, ukitoa siku za safari na zile za kupumzika baada ya mchezo, siku za kufundisha mbinu kwa utulivu ni chache mno.

Mbinu za leo nazo zinataka siku nyingi. Chukua kitu kimoja tu, kile kinachoitwa kukabia juu. Mshambuliaji anapoanza kumsumbua beki wa wapinzani, viungo hawana budi kusogea nyuma yake, na mabeki nao wapande kutoka kwenye lango lao ili uwanja uwe mfupi. Mmoja akichelewa hatua tatu, pengo linafunguka, pasi moja inapita katikati, na beki aliyepanda kwa utii anaonekana mbele ya watazamaji wote kuwa mjinga. Kosa limefanywa na aliyechelewa. Lawama inamwendea aliyetii. Timu hujifunza jambo hilo kwa kulirudia hadi miguu ifanye bila kuuliza kichwa, na hakuna hotuba ya mkutano na waandishi iwezayo kuchukua mahali pa marudio hayo.

Jambo la kupendeza ni kwamba benchi la Sanje linayafahamu haya. Wako pale watu wawezao kuipanga timu mezani kwa vizibo vya soda, wakaonyesha kizibo gani kilipaswa kusogea na kwa nini hakikusogea. Wako wanaotaka mlinda mlango aanzishe mchezo kwa pasi fupi, wakisema kuupiga mpira mbele ovyo ni kuwarudishia wapinzani mali yao. Wako wanaojibu kwamba pasi fupi mbele ya lango lako, kwa mabeki wasioizoea, ni kucheza na moto karibu na nyasi kavu. Wote wana haki kwa kiasi chao. Huo ni ubishi wa maana, na mtu anayeudharau kwa kuwa unafanyika kwenye kibanda umiza na si kwenye ukumbi wa semina hajawahi kuusikiliza.

Kinachoharibu ubishi huo hakitoki Sanje. Kinatoka kwenye redio asubuhi, kwenye kurasa za mbele za magazeti ya michezo, na siku hizi kwenye simu ya kila kijana. Mgeni akitua uwanja wa ndege, wapiga picha hupigana vikumbo kuliko mabeki. Suti yake huandikwa. Anavyosimama kando ya uwanja huandikwa. Akisema neno moja la adabu kuhusu wachezaji aliowakuta, kesho yake neno hilo ni ahadi ya ubingwa, na timu ikipoteza ahadi hiyo husomwa kama hati ya deni. Mwenyewe hakukopa. Waliokopa kwa jina lake ni wengine, waliouza magazeti na vipindi, ila anayedaiwa ni yeye.

Sababu ya kelele hizo si ngumu kuiona. Mwaka 2021 Azam Media na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania walitia saini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225 kwa miaka 10. Fedha hiyo imeleta faida zisizopingika. Klabu ndogo za mikoani zimepata kipato ambacho zamani hazikukiota, na mzee wa Sanje ambaye enzi za Redio Tanzania alilazimika kuuona mchezo kwa masikio sasa anauona kwa macho. Ila mpira huchezwa dakika 90, na matangazo yanahitaji kujazwa wiki nzima. Siku sita zisizo na mchezo lazima zipate habari, na habari iliyo rahisi kuliko zote ni mwalimu wa timu: yuko mmoja, na anajulikana kwa sura.

Watani wasicheke sana. Kwa Yanga mambo hayakuwa bora mwaka huo huo. Romain Folz, Mfaransa kijana aliyekabidhiwa timu katikati ya mwaka 2025, aliwafunga Simba 1-0 katika Ngao ya Jamii tarehe 16 Septemba. Hata hivyo mashabiki wake walikuwa wakinung'unika kwamba timu inashinda bila kupendeza. Tarehe 18 Oktoba Yanga walifungwa 1-0 na Silver Strikers kule Malawi, na Folz akaondolewa. Nyuma zaidi, tarehe 5 Novemba 2023, Yanga waliwafunga Simba 5-1. Mbrazili Robertinho, ambaye timu yake haikuwa imepoteza mchezo wa ligi katika msimu huo, alifutwa kazi siku mbili baadaye. Mabao matano ya mtani ni aibu kubwa, hilo halina ubishi. Lakini aibu na kutojua kazi ni mambo mawili, na klabu iliyashughulikia kama jambo moja.

Kinyume chake pia kimeonekana hapa hapa nchini, tena si zamani. Nasreddine Nabi, Mtunisia, aliichukua Yanga mwaka 2021. Julai mwaka huo alifungwa na Simba 1-0 mjini Kigoma katika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi. Septemba akatolewa na Rivers United ya Nigeria katika Ligi ya Mabingwa, akifungwa nyumbani na ugenini. Kwa kipimo cha mwaka 2025 angekwisha kufungasha mizigo mara mbili. Uongozi haukumgusa. Msimu wa 2021/22 Yanga wakawa mabingwa bila kufungwa hata mchezo mmoja wa ligi, msimu uliofuata wakautetea ubingwa, na mwaka 2023 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger, wakalikosa kombe kwa sheria ya mabao ya ugenini tu. Shabiki wa Simba wa pale Sanje hapendi kukumbushwa habari hizi, nao hukumbushwa kila jioni.

Wazee wao watakumbuka pia Mromania Victor Stanculescu, aliyekuwa na Yanga katika miaka ya 1970 na ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kulea vijana, kazi isiyo na picha wala vigelegele. Watamkumbuka zaidi Joel Bendera, Mtanzania, ambaye pamoja na Mpoland Slawomir Wolk aliifundisha Taifa Stars iliyocheza Fainali za Mataifa ya Afrika mjini Lagos mwaka 1980. Nchi ilingoja miaka 39 kabla ya kufika tena huko. Bendera baadaye alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, mkoa wa Sanje yenyewe, na alifariki mwaka 2017. Ni vijana wangapi wa benchi lile walijua, alipokuwa akizunguka mkoani na msafara wake, kwamba ndiye aliyewahi kuwapeleka wachezaji wetu Lagos? Umaarufu wa siku hizi ungemtosha Bendera mara kumi, lakini ulimwendea mtu ambaye hajafunga wala kufungwa.

Mkoa huo huo una somo jingine. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1975, na Mtibwa Sugar, timu ya mashamba ya miwa ya Turiani, ikautwaa mwaka 1999 na tena mwaka 2000. Hizo hazikuwa timu za kurasa za mbele.

Watumishi wa serikali wanaijua hali hii kwa jina jingine. Mkuu mpya akiletwa idarani, yapo majalada asiyoyafungua bado, zipo tabia za ofisi alizozikuta, na wapo watu wanaosubiri kuona kama ataondoka kabla wao hawajalazimika kubadilika. Kila uhamisho wa haraka huwapa hao ushindi. Katika timu ni vivyo hivyo: mchezaji mvivu anayejua kwamba mwalimu hatafika Krismasi hana sababu ya kujifunza anachofundishwa. Kumfukuza mwalimu kila baada ya miezi miwili kunamlinda mchezaji huyo kuliko mkataba wake.

Mashabiki wana haki ya kukasirika. Wao ndio wanunuao jezi na tiketi, na wengine husafiri usiku kucha kutoka bondeni hadi Dar es Salaam. Wanachostahili kukidai, hata hivyo, ni hesabu yenye maana. Uongozi useme siku ya kwanza mwalimu ameletwa kufanya nini, na kwa muda gani. Ukishasema, ubanwe kwa maneno yake wenyewe. Mkulima wa miwa wa Sanje hangoji chini ya mwaka mmoja kwa miwa iliyopandwa upya, na akishaikata huacha mashina yachipue, akavuna tena na tena kwa misimu kadhaa. Hajatokea aliyeling'oa shamba mwezi wa pili kwa kuwa jirani yake amecheka. Mkulima huyo huyo, jioni, ndiye anayepaza sauti kwamba mwalimu aondoke leo.

Desemba ile ile Simba walimchukua Steve Barker wa Afrika Kusini, aliyetoka Stellenbosch. Wapinzani hao hawakuwa wageni: Aprili 2025 Simba ndio waliowatoa katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, kwa bao moja lililofungwa Zanzibar. Huko kwao Barker aliichukua timu ikiwa daraja la chini, akaipandisha Ligi Kuu mwaka 2019, na kombe lake kubwa la kwanza akalipata mwaka 2023. Kwa maneno mengine, Simba walimtaka kwa sababu ya kazi ambayo aliweza kuifanya kwa kuachwa kazini. Pale Sanje vizibo vya soda vilikuwa tayari mezani, kikosi chake cha kwanza kimekwisha kupangwa, na upande wa Yanga walikuwa wakihesabu siku.